Kabla Hujaihukumu Kompyuta, Itazame Chaja

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, maduka ya kompyuta zilizotumika pale Kariakoo hujaa wazazi na wanafunzi. Mama kauza magunia ya mahindi, kaka mkubwa kaongezea, na kilichopungua kitamaliziwa na boom la kwanza, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. Wanaondoka na Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyokwisha kufanya kazi ofisini Ulaya au Marekani kwa miaka kadhaa kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Nairobi, katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue, mashine za namna hiyo huuzwa kama ex-UK. Ni mashine nzuri, nasema bila kusita. Zilitengenezwa kwa ajili ya kazi za kila siku, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vipo.

Muda unapita, malalamiko yanaanza. Mashine imekuwa nzito. Unabonyeza herufi, inatokea baadaye. Unafungua faili la kurasa kumi, unaenda kuchota maji na kurudi, bado linafunguka. Fundi wa kwanza anapiga Windows upya, anachukua fedha yake, na kesho yake uzito uko palepale. Fundi wa pili anasema prosesa imechoka. Wa tatu anajitolea kuinunua kwa bei ya vipuri, na mwenye mali, kwa kukata tamaa, anakubali.

Nawaandikia wenye mashine za aina hii, pamoja na wote wanaoziuza, wanaozitengeneza na wanaozisimamia shuleni na ofisini. Ombi langu ni moja: kabla hujaamini kwamba kompyuta yako imezeeka, hakikisha kwanza kwamba haijaamriwa kwenda polepole. Si mara chache prosesa inayolaumiwa huwa nzima kabisa. Inatii tu amri ya kubana umeme, na amri hiyo imetoka kwenye chaja isiyotambulika, betri iliyokufa, joto, au mpangilio mmoja ndani ya Windows ambao mtu aliuweka akasahau kuuondoa.

Amri yenyewe haikubuniwa kwa ubaya. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo huhesabiwa kwa gigahezi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kila pigo linakula umeme. Mwaka 2000 Intel ilileta teknolojia ya SpeedStep katika Pentium III za kompyuta mpakato, na AMD ikaja na ya kwake iliyoitwa PowerNow! mwaka huohuo. Tangu hapo prosesa za mpakato zimekuwa zikishusha na kupandisha kasi yake kulingana na kazi iliyopo. Hesabu yake inavutia: umeme unaoliwa unafuata idadi ya mapigo, na unafuata pia mraba wa volti. Ukipunguza mapigo kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 20, matumizi yanaporomoka hadi kukaribia nusu. Kwa mtu wa mtaa ambao umeme hukatika saa moja jioni na kurudi usiku wa manane, au mwalimu wa kijijini anayetegemea sola, hiyo ni neema kubwa. Kwa hiyo sitaki msomaji amalize makala haya akakimbilie kuzima kila kitu kinachobana umeme.

Lori linaloshuka mlima Kitonga kwa gia ndogo halijaharibika. Dereva wake anajua anachofanya. Ninachokizungumzia ni lori lililokwisha kuteremka mlima wote, limefika Ruaha Mbuyuni, barabara imetulia, nalo bado linajikokota kwa gia ileile ya mlimani.

Chukua Intel Core i5-6300U, prosesa ya mwaka 2015 ambayo imo katika Latitude E7470 na EliteBook 840 G3 nyingi zinazouzwa kwetu. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.4, na kazi ikizidi hupanda hadi 3.0. Kwa barua, hesabu za duka, tasnifu, mikutano ya video na masomo ya mtandaoni, hiyo inatosha. Lakini prosesa hiyohiyo ikishikiliwa kwenye gigahezi 0.79 inabaki na theluthi ya kasi yake ya msingi, na ikishikiliwa kwenye 0.39 inabaki na sehemu moja kati ya sita. Hapo hata kusogeza kipanya kunakuwa mateso. Ukipiga Windows upya mara kumi hutabadilisha lolote, kwa sababu amri ya kuishikilia hivyo kwa kawaida haitoki kwenye Windows. Inatoka kwenye bodi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kulijua tatizo hili hakuhitaji vifaa wala fedha. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, chagua CPU, kisha tazama namba mbili: moja imeandikwa Speed, nyingine Base speed. Ya kwanza ni kasi ya sasa hivi, ya pili ni kasi ambayo prosesa ilitengenezwa kuifikia bila taabu.

Hapa inahitajika subira kidogo. Kompyuta ikiwa haina kazi, ni kawaida na ni sahihi kwa kasi ya sasa kuwa chini sana. Usiihukumu ikiwa imepumzika. Ipe kazi: fungua kurasa nyingi za intaneti kwa mpigo, cheza video, fungua faili kubwa, huku ukiitazama ile namba. Mashine yenye afya itapanda mara moja, na nyingi zitapita hata kasi ya msingi. Iliyofungwa haitasogea. Utaona kipimo cha matumizi kimegonga asilimia 100, kila kitu kinaganda, na kasi bado inasoma 0.79. Ukiona hivyo, usimruhusu mtu akwambie prosesa imechoka.

Kisha fanya jaribio ambalo watu wengi huliona la ajabu. Ikiwa betri yako bado ina uhai, chomoa chaja huku mashine ikiwa inawaka, uitazame tena ile namba. Mtu angetarajia kompyuta ipunguze kasi ikibaki na betri peke yake. Ikiwa badala yake inazinduka, inaruka kutoka 0.79 hadi gigahezi mbili na ushee, mkosaji umemshika mkononi. Ni chaja, au tundu inapoingia.

Niseme kwa kirefu kuhusu chaja, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea. Chaja za Dell zenye mdomo wa duara zina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendeshea kompyuta. Kazi yake ni mazungumzo: ndani ya chaja kuna kumbukumbu ndogo sana ambayo, kupitia pini hiyo, huiambia kompyuta kwamba mimi ni chaja ya wati 65, au 90, au 130. Kompyuta isipolipata jibu hilo haijui inaweza kuvuta umeme kiasi gani bila kuiunguza chaja. Inachagua usalama. Inawaka, lakini inakataa kuchaji betri na inaifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Mashine za Dell hata huandika hivyo kwa Kiingereza zinapowashwa, kwamba aina ya chaja haikutambulika, kwamba betri haitachajiwa, na kwamba mfumo utakwenda polepole. Wengi wetu tunabonyeza kitufe ili ujumbe upite, tuendelee. Kuna linalonisikitisha zaidi: onyo hilo linaweza kuzimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, na likishazimwa mashine inaendelea kuwa nzito bila kusema neno. Mnunuzi wa pili hatajua kamwe.

HP na Lenovo nao wana njia zao za kuitambua chaja. Na zile mpya zenye tundu la USB-C hukubaliana na chaja kuhusu kiasi cha umeme kabla ya kuanza kuvuta. Ukichomeka chaja ya simu ya wati 18 au 20 kwenye kompyuta inayohitaji 65, inaweza kuonyesha alama ya kuchaji huku ikijibana kwa ndani.

Kwa hiyo geuza chaja yako usome maandishi ya chini. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati: 19.5 mara 3.34 ni 65, na 19.5 mara 4.62 ni 90. Linganisha na kile ambacho mashine inahitaji. Kwenye Dell, ukibonyeza F2 inapowaka utaingia BIOS, na humo kuna mahali panapotaja aina ya chaja iliyotambuliwa. Ikisoma wati 65, vizuri. Ikisema haijulikani wakati chaja imechomekwa, endelea kuchunguza: azima chaja orijino kwa jirani au mwanafunzi mwenzako mwenye mashine ya aina hiyo, ujaribu. Ikitambulika, chaja yako ndiyo yenye kasoro. Isipotambulika, angalia tundu. Pini inaweza kuwa imepinda, au waya wake umekatika kwa kuvutwavutwa kila siku. Katika Latitude nyingi tundu hilo ni kipande kinachojitegemea chenye nyaya zake. Linachomolewa na jingine linawekwa bila kugusa bodi kwa bomba la kuchomelea. Ni kazi ndogo. Mteja asitozwe kana kwamba bodi imefumuliwa.

Wakati mwingine ni bodi yenyewe inayobaki imekumbuka hitilafu iliyokwisha kupita. Zima kompyuta, chomoa chaja, na kama betri inatoka itoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha vitu mahali pake, washa. Haigharimu kitu, na kuna mashine ambazo hufunguka hapohapo.

Betri nayo ina lake. Wengi hudhani kwamba betri ikishakufa, kompyuta inayokaa kwenye umeme muda wote haiihitaji tena. Kwa mashine kadhaa si kweli. Prosesa inapopandisha kasi ghafla, inaweza kuhitaji umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa kwa nukta hiyo, na betri ndiyo inayojazia. Katika MacBook za zamani zenye betri ya kuchomoka, Apple yenyewe iliwaeleza wateja kwamba wakiiondoa betri kasi ya prosesa itashushwa, ili mashine isije ikazimika ghafla. Kuna mashine nyingine za mpakato zinazofanya vivyo hivyo betri ikiwa haipo au imekwisha nguvu. Kuijua hali ya betri yako, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakalokutajia. Humo utaona uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na uwezo uliobaki leo. Ukikuta imebaki robo, usishangae. Na ukiona betri imevimba, imeinua kibodi au sehemu ya kupapasia, acha kutumia mashine hiyo mara moja. Usiitoboe, usiibane irudi chini. Mpelekee fundi anayejua.

Mipangilio ya Windows haihitaji maneno mengi. Tafuta sehemu ya umeme na betri katika mipangilio, uone kama kuna mtu aliyechagua ubanaji wa juu kabisa. Kwenye Windows 10, hali ya kuokoa betri hujiwasha yenyewe chaji ikifika asilimia 20, na hiyo ni sawa. Kilicho hatari kinakaa ndani zaidi, kwenye mipangilio ya kina ya umeme: ukomo wa juu wa prosesa, ulioandikwa Maximum processor state. Kawaida huwa 100. Ukikuta 50 kwenye mstari wa umeme wa ukutani, kuna mtu aliipunguza, pengine kwa nia njema ya kupunguza joto au kelele za feni. Hata 99 huzuia prosesa nyingi zisipande juu ya kasi ya msingi. Weka 100 kwa wakati wa chaja, na wakati wa betri chagua unavyopenda. Wanaotumia Ubuntu watakuta uchaguzi wa namna hiyohiyo, wa kubana, wa wastani na wa kasi, kwenye mipangilio yao ya umeme.

Joto lina dalili inayolitofautisha. Chaja isiyotambulika huibana prosesa tangu inapowaka. Joto huja polepole: mashine inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa za kazi nzito feni inavuma, kasi inashuka, unaiacha ipoe, inarudi. Prosesa kama ile i5-6300U ina ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi. Ikiukaribia hujipunguza ili isijiunguze. Katika Februari ya Dar es Salaam au Mombasa, chumba chenyewe kikiwa na nyuzi 32, safari ya kufika huko si ndefu. Ongeza vumbi lililoziba mapezi ya kupozea, ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na chuma ikiwa imekauka, na kompyuta iliyowekwa juu ya godoro likaziba matundu ya hewa ya chini. Iweke juu ya meza. Isafishwe vumbi, dawa ipakwe upya. Hiyo nayo ni kazi ya bei nafuu.

Lazima niwe mkweli: si kila uzito ni wa prosesa. Kwenye lile dirisha la Task Manager, ukiona diski ndiyo iliyogonga asilimia 100 huku kasi ya prosesa ikipanda kama kawaida, basi dawa ni kubadilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, na kama RAM ni gigabaiti 4, kuiongeza. Na kuna suala la Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za umri wa i5-6300U hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Hilo ni suala la usalama wa mfumo, nalo linahitaji uamuzi wake, ikiwemo kuhamia Linux kwa anayeweza. Lakini lisichanganywe na kasi. Mtu asiuziwe kompyuta mpya kwa sababu ya pini iliyopinda, kisha akaambiwa ni kwa sababu ya Windows.

Ipo programu iitwayo ThrottleStop, inayopendwa na mafundi, ambayo inaweza kuifanya prosesa ipuuze ile amri ya bodi. Maoni yangu ni kwamba itumike kupimia, isitumike kama tiba. Ikiwa kweli kuna kipima joto kilichoharibika na umehakikisha mashine haipati moto, sawa. Lakini kama chaja ni dhaifu, kuilazimisha itoe umeme isioumudu ni kutafuta moto ndani ya nyumba watoto wamelala.

Sasa nigeukie tunaoishi na mashine hizi pamoja, maana jambo hili ni la wengi.

Wafanyabiashara wa kompyuta zilizotumika, mmeifungulia elimu mlango ambao serikali na wafadhili peke yao wasingeweza kuufungua. Nawaomba muuze kila mashine na chaja inayotambulika, na mumwonyeshe mteja kabla hajalipa. Fungueni Task Manager mbele yake, mashine ikiwa imechomekwa kwenye umeme, aone namba ikipanda. Ni kazi ya dakika moja. Kama chaja si orijino, semeni, na bei ishuke. Mmezoea kumwonyesha mteja kwamba skrini haina mstari na kibodi kinaandika. Ongezeni hili liwe la tatu. Onyo la chaja mkiona limezimwa ndani ya BIOS, liwasheni tena.

Kunyamaza kuna gharama, na makampuni makubwa yamekwisha kuilipa. Mwaka 2017 Apple ilianza kupunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla, lakini watumiaji hawakuelezwa waziwazi. Desemba ya mwaka huo John Poole, wa kampuni ya Primate Labs inayotengeneza kipimo cha Geekbench, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kasi ikishuka, na siku chache baadaye Apple ikakiri. Iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Ufaransa ikatangaza faini ya euro milioni 25 kwa kampuni hiyo. Kosa lililoadhibiwa lilikuwa kutowaambia watu. Teknolojia yenyewe ilikuwa na sababu yake, na waliobadilisha betri walirudishiwa kasi. Haki ile aliyoipata mnunuzi wa Paris, ya kujua kwa nini kifaa chake ni kizito, anaistahili pia mwanafunzi aliyenunua mashine yake Kariakoo.

Mafundi wetu, ninyi ndio watu wanaoaminiwa. Nawaomba hatua ya kwanza iwe kupima, kabla ya kupiga Windows. Kufuta diski ya mteja kunaweza kumgharimu picha za familia na kazi ya miezi, na ikiwa kosa ni la chaja umemwibia muda wake hata kama hukukusudia. Kuweni na chaja orijino ya wati 65 ya kila aina mezani kwa ajili ya kujaribia. Mkikuta tatizo ni pini, mwambieni mteja ni pini. Atarudi kwenu maisha yake yote na atawaleta wenzake. Walimu wa ufundi nao wakiliweka zoezi hili katika wiki za mwanzo za mafunzo, kijana atatoka darasani akiwa na kitu cha kuwasaidia watu siku ileile.

Walimu wakuu na wahasibu wa taasisi, kabla ya kusaini orodha ya kompyuta zinazoondolewa kwa sababu ni nzito, agizeni kila moja ipimwe ikiwa na chaja sahihi. Kuna maabara za shule zenye mashine 20 na chaja zilizochanganywa kwenye boksi moja, ya wati 45 imekwenda kwenye mashine ya 90, na watoto wanaambiwa kompyuta za msaada huwa hivyo. Andikeni namba kwa wino usiofutika, kila chaja na mashine yake.

Na sisi wanunuzi tuache kuchagua chaja kwa kigezo kwamba inaingia kwenye tundu. Kuingia si kutambulika. Mzazi, ukiwa dukani usione haya kusema, "Naomba kuona kasi yake ikiwa kwenye umeme." Dada yangu uliyeko chuoni, ukishaijua mashine yako, pita chumba kwa chumba hosteli uwasaidie na wengine.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kompyuta nzima inayotupwa kwa ajili ya waya wa pini inaingia katika hesabu hiyo, na inatoka mkononi mwa mtu aliyeihitaji.

Kama nyumbani kwako kuna kompyuta iliyowekwa juu ya kabati kwa sababu ilikuwa nzito, ishushe wiki hii. Ifute vumbi, itafutie chaja inayoifaa, iwashe, utazame ile namba. Ikipanda, mpe mtoto aliyekuwa anaisubiri.